Damu Haipelekewi Moto

Mwanamke anayemngoja mumewe miezi kumi na mitano huwa ameshapanga namna ya kumpokea. Povu alikuwa amepanga yote. Angelia kidogo, si sana, macho yasije yakavimba. Halafu angenuna. Halafu angebembelezwa. Gauni lake la maua alishalipiga pasi mara nne, na mara nne likajikunja lenyewe kabatini kwa kuchoka kungoja.

Lakini Dazeni alipoinama kupita kwenye mlango wa nyumba ya dobi, saa tatu asubuhi, hakuwa peke yake.

"Hodi wenyewe!" akanguruma, na vibanio vya nguo vikaruka ndani ya kopo.

Povu alikuwa na pasi ya mkaa mkononi. Akaiweka juu ya kigae chake taratibu, kama mtu anayelaza mtoto mchanga. Macho yake yakaanzia kwa mume: mabega yaleyale ya kubeba mlango na fremu yake, kovu jipya shingoni, tabasamu la mtu aliyekosa. Macho yakateremka, yakampita, yakatua nyuma yake.

Nyuma yake alisimama msichana wa miaka kumi na minane hivi. Povu mwenyewe alikuwa na ishirini na mbili, umri ambao mpaka jana yake aliuona ni ujana.

"Karibu, mume wangu," akasema. "Karibuni. Naona mmeongezeka."

"Ni mgeni tu, mke wangu."

"Wa siku ngapi?"

Dazeni, mtu aliyeua joka la vichwa tisa bila kupepesa jicho, akaanza kukagua dari.

Huyu Dazeni hakuwa mtu wa kawaida. Baba yake ni Mzee wa Radi, yule anayekaa juu ya mawingu pamoja na ukoo wake wote, Wa Juu, na kuharibu nyumba za watu kwa hasira na ndoa za watu kwa mapenzi. Mama yake alikuwa mtu wa huku chini, wa kula na kulala kama sisi. Mke mkubwa wa Mzee, ambaye Dazeni alipaswa kumwita Mama Mkubwa, alimchukia tangu hajaota meno. Ndiye aliyefanya mpango akapewa zile kazi kumi na mbili, ambazo mtu mwingine akipewa moja tu anaandika wosia. Dazeni alizimaliza zote, na watu wakampa jina kwa idadi yake.

Kazi ya kwanza ilikuwa kumuua simba asiyeingia chuma. Alimkaba kwa mikono, akamchuna, akaja kwa dobi na ngozi begani. Ilinuka mpaka paka wa mtaa wakahama.

"Naomba mnifulie hii," alisema siku ile.

Mama yake Povu akaziba pua. "Mwanangu, hapa tunafua nguo. Hiyo ni maiti."

Povu alikuwa kwenye karai na mapovu mpaka viwikoni, akacheka. Dazeni akamwona akicheka. Hapohapo yule mtu aliyemnyonga simba akawa hajui mikono yake aiweke wapi. Akaiweka kichwani. Akaiweka mfukoni, na hakuwa na mfuko.

Mama alikataa ndoa ile kwa nguvu zote. "Huwezi kuolewa na mtoto wa Wa Juu," alisema. "Wale wakikuchukia wanakuchoma. Wakikupenda wanakuchoma. Wewe utaona tofauti ya majivu?" Tena mama alikuwa na mkwe wake moyoni. Mto wenyewe ulikuwa umeleta posa, mzee wa mto, mwenye pembe mbili na ndevu zinazovuja sebuleni. Mama alisema dobi akipata mkwe wa maji amemaliza shida zake. Dazeni akaenda kupigana na Mto siku nzima, akauvunja pembe moja, akarudi amelowa na matope masikioni. "Nimeshinda," alimwambia Povu, "lakini nimechafua nguo." Msichana gani angekataa hapo?

Sasa alikuwa amesimama mbele yake na mgeni.

"Anaitwa nani?" Povu akauliza.

"Sijui. Tangu tuondoke kwao hajafungua mdomo. Njiani tulikuwa tunamwita Kimya."

"Mlikuwa akina nani?"

"Mimi."

"Wewe na nani?"

"Na mimi," Dazeni akasema, akakaa juu ya kikapu cha nguo chafu. Kikapu kikalia. "Sikiliza, Povu. Baba yake ni bingwa wa mishale. Aliweka shindano. Atakayemshinda, anamwoza binti. Nikamshinda. Akageuka, akasema hanipi. Mbele za watu! Ningefanyaje?"

"Ungerudi nyumbani kwa mkeo."

"Nikabomoa mji."

"Mji wote?"

"Sehemu kubwa."

Povu akavuta pumzi. "Kabla hujavuta upinde, zawadi ulikuwa unaijua?"

Hata yule msichana aliinua macho kusikia jibu.

"Mwanamume akiona shabaha..." Dazeni akaanza.

"Zawadi ulikuwa unaijua?"

"Nilikuwa naijua."

Wanaume waongo wana ubaya wao, lakini mwanamume mkweli asiye na akili ndiye anayeua.

"Na mimi nitakuwa wapi?"

"Wewe ni mke wangu! Nani kasema nakuacha? Wewe utabaki palepale."

"Palepale wapi, baba? Kwenye beseni?"

Dazeni akasimama. Alitaka kumshika bega, akaona macho yake, akaahirisha. "Nimechoka, Povu. Naomba nilale kidogo. Mchana nataka nisimame hapo uani nimshukuru Baba kwa kunirudisha, na mbele yake huwezi kusimama na ngozi inayonuka. Nitolee shati jeupe. Hakuna mtu anayepiga pasi kama wewe." Akaenda zake chumbani, na baada ya muda mfupi mkoromo wake ukaanza kutikisa madirisha.

Mama yake Povu alikuwa ameinama kwenye karai muda wote ule, anasuuza taulo moja ambalo lilikwisha takata zamani.

"Sema, mama," Povu akamwambia. "Sema ulichonacho."

"Sina neno. Ila kwa ajili yako wewe alipigana na mto. Mto unajaa tena mvua ikinyesha. Huyu kabomolewa mji."

"Ahsante kwa kunifariji."

"Sikukufariji. Nimekwambia upime mambo kwa kipimo chake. Mchukue huyo mtoto umpe maji anywe. Midomo imempasuka."

Povu hakumpa maji ya kunywa. Alimpeleka uani, akamwekea mbele rundo la aproni za wachinjaji, zile ambazo hata yeye alikuwa akizifua huku ameangalia pembeni.

"Hapa hatukai bure, bibi harusi," akamwambia. "Kwenu ulikuwa unavuliwa viatu na wengine, eti? Hapa utafua damu ya ng'ombe."

Msichana akaangalia rundo. Mikono yake ilikuwa laini, na kucha za mkono wa kulia zilikuwa zimekatika zote, kama mtu aliyeng'ang'ania kitu akang'olewa. Povu aliziona zile kucha. Wivu una macho mazuri sana, ila hauna akili ya kuuliza. Aliziona, akasema moyoni: ana vidole virefu.

Kimya akachota maji. Akachota kwenye pipa la maji ya moto, akataka kumimina.

Povu akampokonya kata. "We! Hata hili hujui? Damu haipelekewi moto! Ukiipa moto inashika mpaka kiyama. Damu ni maji baridi. Mtoto wa miaka mitatu wa nyumba hii anajua!"

"Sikujua, dada," msichana akasema.

Povu akashtuka. Sauti ilikuwa nzito kidogo, ya mtu aliyelia na kumaliza.

"Kumbe unasema."

"Nasema na mtu ninayetaka kusema naye." Akafuta mikono kwenye gauni. "Dada, mumeo alimtupa kaka yangu kutoka juu ya ukuta. Kaka yangu alikuwa hawezi hata kuua panya. Alikuwa anapiga mbinja tu kutwa, tunamkemea. Mimi simtaki mumeo. Hata akinipa mawingu ya baba yake simtaki. Nina shangazi ng'ambo ya kile kilima. Nifungulie huo mlango wa nyuma. Akiamka mwambie nilikuponyoka, mpige kelele, mnitukane, mimi nitakuwa nimeshafika."

Ufunguo ulikuwa kiunoni mwa Povu, umefungwa na kamba. Akaushika. Ulikuwa wa moto kwa jasho lake mwenyewe.

Wanangu mnaosoma, shikeni hapa. Mlango ule ulikuwa hatua sita. Kitasa kilikuwa kimepakwa mafuta jana yake. Mshindani wake mwenyewe alikuwa anaomba kwa mdomo wake aondoke. Nani amewahi kupewa bahati ya namna hiyo?

Lakini Povu aliwaza. Akiondoka, Dazeni atamfuata. Mwanamke aliyekimbia hazeeki, kila siku anazidi uzuri kichwani kwa mwanamume. Na asipomfuata je? Nitajuaje kama amebaki kwa sababu ananipenda au kwa sababu amechoka miguu? Kusema kweli, Povu hakutaka msichana aondoke. Alitaka mume arudi, arudi kwa magoti, na yule msichana awepo aone.

Akaachia ufunguo.

"Endelea kufua," akasema.

Kimya akamtazama. Halikuwa jicho la chuki. Lilikuwa jicho la mtu anayemwona mwenzake akikanyaga ubao mbovu. Akachota maji baridi, akainama.

Povu akaingia stoo.

Nyuma kabisa, chini ya magunia, palipo na baridi na giza, alikuwa ameficha chupa ndogo miaka mitatu. Wakati ule walikuwa wametoka kuoana, wanarudi huku kutoka fungate, wakakuta daraja limezolewa. Pale kivukoni kulikuwa na mvushaji mmoja, nusu mtu nusu farasi, watu wakimwita Kwato. Alibeba watu mgongoni. Dazeni alimwambia amvushe mkewe, yeye ataogelea. Kufika katikati ya maji, mikono ya Kwato ikaanza kupotea njia. Povu akapiga kelele. Dazeni akiwa ukingoni akavuta upinde mara moja tu.

Na mishale ya Dazeni ilikuwa imechovywa kwenye nyongo ya lile joka la vichwa tisa. Nyumba nzima ilijua. Podo la mishale hiyo lilitundikwa juu peke yake, na mama akilipangusa vumbi alivaa glovu mbili.

Kwato alimfikisha Povu ng'ambo akaanguka, Dazeni bado yuko majini anaogelea. Akaanza kulia, akaomba radhi kwa sauti tamu. "Shemeji," alisema, "nakufa na deni la aibu. Kinga damu yangu hii kwenye chupa. Iweke mahali pa baridi na giza. Siku mumeo moyo ukimyumba, mpakie kwenye nguo. Nakuapia, hatapenda mwanamke mwingine baada yako." Povu, msichana wa miaka kumi na tisa, akakinga. Akamshukuru.

Haya, sasa mimi niulize. Mtu aliyeuawa na mumeo, anakata roho kwa mkono wa mumeo, akupe limbwata la kumpendezesha mumeo? Kwa wema gani? Hiyo akili ulimwazima nani siku hiyo? Lakini ndivyo ilivyo. Msichana mwenye hofu ya kuachwa humsikiliza mganga yeyote, hata mganga akiwa na mshale kifuani.

Povu akachanganya ile damu kwenye bakuli la wanga wa kukazia nguo. Ikapotea, wanga ukabaki mweupe, ila ulikuwa mzito zaidi. Akachukua kitambaa, akaupaka shati la Dazeni upande wa ndani, mgongoni, kifuani, kwenye kola. Kitambaa akakitupa dirishani. Akalitandaza shati juu ya meza. Lilikuwa bichi, limejikunja.

Mkono ukasita juu ya pasi. Kwato alisema baridi na giza. Na yeye mwenyewe, hata nusu saa haijapita, alikuwa amempigia mtoto wa watu kelele kwa ajili ya jambo hilihili.

Hii si damu ya doa, akajijibu. Hii ni dawa. Halafu akawaza kitu ambacho ni dobi tu anayeweza kukiwaza, siku ya kuokoa ndoa yake: nitamvalishaje mume wangu shati lenye mikunjo? Mbele ya baba mkwe? Watasema Dazeni kaoa mvivu.

Akapiga pasi. Shati likafuka mvuke wenye harufu tamu, kama tunda lililoanza kuharibika. Alipiga kola mara mbili.

Saa sita akaenda kumwamsha. Dazeni alikuwa ameshaoga, amekaa ukingoni mwa kitanda, ameshika kichwa. Alipomwona akiingia na shati mkononi, akamtazama kama alivyomtazama siku ile ya ngozi ya simba.

"Kaa kidogo," akasema.

"Shati litapoa."

"Acha lipoe. Povu, nimelala nikamwota yule mvulana wa ukutani. Nimevunja mji wa watu kwa sababu ya shindano. Shindano! Yule mtoto akinitazama, ananitazama kama ninavyotazamwa na maiti. Nimekuletea fedheha ndani ya nyumba yako, halafu nikalala." Akamshika kiganja, akakigeuza, akabusu pale palipopasuka kwa sabuni. "Nikimaliza na Baba, nitampeleka kwa ndugu zake. Wewe ukitaka kuninunia mwaka, nuna. Nimekukosea."

Magoti ya Dazeni yalikuwa yamepiga chini. Yalipiga yenyewe.

Na Povu, badala ya kulitupa lile shati kwenye shimo la choo, aliwaza nini? Aliwaza: dawa hii ni kali! Hajaivaa, ameinusa tu! Ikiwa harufu imefanya hivi, akivaa itakuwaje?

"Inuka," akasema huku machozi ya furaha yanamtoka. "Inuka nikuvalishe."

Akamfunga vifungo kimoja kimoja, kuanzia chini. Cha mwisho alikifunga polepole kwa sababu hakutaka kiishe.

Dazeni akatoka uani, akapita katikati ya shuka nyeupe zilizoanikwa kamba saba, akasimama juani, akainua mikono. Povu akasimama dirishani amtazame. Ndipo akaona kitambaa alichokitupa. Jua lilikuwa limekifikia. Hakikuwa kitambaa tena. Kilikuwa unga kama wa msumeno, unatoa mapovu, na jiwe la dirisha chini yake lilikuwa limeliwa, pana shimo la kuingia ngumi.

Akatoka mbio. "Vua! Dazeni, vua shati! Vua!"

Dazeni akageuka, akacheka mpaka magego yakaonekana. "Sasa hivi? Baba anaangalia!"

"Vua, nakuomba!"

"Mke wangu, miezi kumi na mitano umevumilia, dakika mbili tu..." Akajikuna kifua. Akajikuna tena. "Povu, hii sabuni gani?"

Hakusubiri jibu. Akatoa sauti ambayo simba hakuitoa. Shati lilikuwa limemganda, linafuka. Akashika kola kulivuta, likaja na kilichokuwa chini yake. Akakimbia bila kuona, akaingia kwenye kamba, shuka zikamwangukia, zikashika moto juu yake moja baada ya nyingine, akawa anazunguka uani kama mnara mweupe unaoungua. Povu akamwagia ndoo. Maji yakachemka kabla ya kumfikia. Akamwagia nyingine. Mama yake akamdaka kiuno.

"Niache, mama!"

"Utaungua!"

"Niache niungue!"

"Umemzaa wewe? Mimi nimekuzaa. Sikuachi."

Alipoanguka, aliangukia karibu na karai. Povu akajiponyoa, akapiga magoti kando yake. Uso ulikuwa haujaguswa. Macho yalikuwa yaleyale.

"Umeweka nini?" Dazeni akauliza kwa sauti ndogo.

"Dawa."

"Dawa ya nini?"

"Unipende."

Dazeni akafumba macho, akafumbua. "Nani alikupa?"

"Kwato."

Akacheka. Wallahi alicheka, kicheko kifupi, kikamkatisha pumzi. "Farasi yule. Nilimpiga mshale mmoja, yeye akanirudishia huohuo. Kwa mkono wa mke wangu." Povu akasogeza sikio, akijua lile ndilo neno atakaloishi nalo.

"Niambie kama unanipenda," akamwomba. "Niambie tu, Dazeni. Hata kwa uongo."

"Asubuhi nilikupenda," Dazeni akasema. "Nikiwa nimekosa, nilikupenda. Saa sita ulipoingia na shati, nilikupenda kuliko siku zote."

"Na sasa?"

Mawingu yalikuwa yamekwisha fika juu ya ua. Radi ikashuka moja, nyeupe, bila mvua, na walipofumbua macho juu ya ardhi palikuwa na alama ya mtu aliyelala, na katikati ya ile alama hapakuwa na mtu.

Mama hakusema "nilikwambia". Afadhali angesema. Alinyoosha mkono, akakata ile kamba ya ufunguo kiunoni mwa mwanawe, akaenda akamfungulia Kimya, akampa gauni kavu na maji ya kunywa. Msichana alitoka bila kuaga, halafu akarudi hatua mbili, akamtazama Povu pale chini kwenye majivu. Akaenda zake.

Mwezi wa pili ulipopita, Tarishi wa Juu alishuka mbele ya kaunta na vile viatu vyake vyenye mabawa, akavitaka visafishwe matope. Alikuwa ndugu wa Dazeni kwa baba, mtu wa maneno mengi. Lakini siku hiyo alikuwa anahesabu vibanio asimtazame Povu.

"Yupo?" Povu akamuuliza, akiwa ameinamia mabawa na brashi.

"Yupo, shemeji. Kilichoungua ni upande wa mama yake tu. Upande wa Baba hauungui. Amepata ngozi mpya, anang'aa kama sahani."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Huko juu hakuna anayeumwa." Tarishi akakohoa. "Ameoa."

Brashi ikasimama. "Nani?"

"Binti wa mwisho wa Mama Mkubwa. Yule anayetumiminia vinywaji."

"Mama Mkubwa si alikuwa anamchukia?"

"Wamepatana. Yeye mwenyewe ndiye aliyetandika kitanda."

Povu akasugua bawa la kushoto mpaka manyoya mawili yakang'oka. "Ana miaka mingapi huyo binti?"

"Yule?" Tarishi akacheka kidogo, akajuta. "Yule hazeeki, shemeji. Ndiyo kazi yake."

Mama yake aliyekuwa nyuma akaacha kukamua. Maji yakadondoka, moja, moja. Povu akakausha viatu kwa kitambaa safi, akafunga kamba zake vizuri, akavisukuma juu ya kaunta, ila mkono hakuuondoa.

"Aliniulizia?"

Tarishi akaangalia mlango. Akaangalia viatu vyake. "Shemeji, nikwambie kweli au nikufurahishe?"

Povu alikuwa na miaka ishirini na mbili bado.

"Nifurahishe."

Tarishi akainama akavaa viatu, kimoja, halafu kingine, akakaza kamba ambazo zilikuwa zimeshakazwa.

"Alikuulizia sana," akasema, akaruka.